Uzi wa sufi si sufi: dhana tulizopanda nazo basi kwenda Malindi kununua nyuzi

Ijumaa alfajiri, boti ikiwa imeshaacha gati ya Amu, yaani mji wa Lamu, kuelekea Mokowe, khaleti, dada wa mama yangu, alinipa kikaratasi alichoandikiwa na jirani yake. Mistari mitatu: uzi wa sufi mweupe kilo moja, uzi wa sufi wa buluu kilo moja, sindano namba nane. Alikuwa na kazi mbili. Binti yake anatarajia kujifungua, na mtoto wa Amu anataka blanketi jepesi. Mjukuu wake mkubwa naye amepata chuo Eldoret, na kijana aliyezaliwa na kulelewa Langoni akipelekwa Eldoret mwezi wa Julai bila sweta, ni kumwonea.

Nilikisoma kikaratasi mara mbili. Kila mstari ulikuwa na jambo ndani yake ambalo si kweli, na yote hayo mimi mwenyewe nimewahi kuyaamini, nikayalipia kwa pesa na kwa miezi ya kazi. Kutoka Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Witu na Minjila, kwa hiyo nafasi ya kuzungumza tulikuwa nayo. Naandika hapa tuliyozungumza njiani na tuliyoyaona madukani Jumamosi, kwa kuwa nawajua wafumaji wa pwani wenye mikono mizuri kuliko wangu ambao kazi zao huharibika kwa sababu moja tu: hawakujua walichonunua.

Dhana: uzi wa sufi umetokana na sufi, au walau na kondoo

Hapa lugha yenyewe imetuchanganya. Sufi ni ile tunayojazia mito na magodoro, inayotoka kwenye maganda ya msufi yakipasuka. Sufu ni manyoya ya kondoo. Maneno yote mawili yanarudi kwenye neno moja la Kiarabu, suf, na kwa kuwa herufi moja tu ndiyo inayoyatenga, midomo yetu imeyafanya kitu kimoja. Ukiingia dukani ukasema "uzi wa sufi", utaletewa uzi wa sweta, na wewe utaondoka ukiamini umenunua kitu cha asili.

Sufi ya msufi haisokoteki peke yake ikawa uzi wa kufumia. Nyuzi zake ni fupi, laini mno, zina nta juu na ndani zina uwazi uliojaa hewa. Ndiyo maana sufi huelea, na zamani ilijazwa katika makoti ya kuokolea watu baharini. Mto ukipasuka nyumbani, chukua sufi yake uisokote baina ya vidole viwili. Itateleza, itafunguka, itapeperuka. Uzi hauwezi kushikana bila kitu cha kushikana nacho.

Sasa, unachouziwa kwa jina hilo katika maduka yetu mengi ni akriliki. Akriliki hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, na ilianza kuuzwa kama uzi wa nguo mwaka 1950, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoitoa kwa jina la Orlon. Siisemi vibaya. Ni rahisi kwa bei, hailiwi na nondo, hairudi ikifuliwa, rangi zake zinawaka, na kwa mtu anayejifunza ni uzi unaosamehe. Lakini haina joto la sufu wala haifyonzi jasho kama pamba, na khaleti alikuwa anataka vitu hivyo viwili hasa: joto kwa wa Eldoret, kufyonza jasho kwa wa Amu. Kama angenunua kilo mbili za akriliki, asingepata hata kimoja.

Lebo ikiwepo, isome. Isipokuwepo, kama ilivyo kwa nyuzi nyingi zinazouzwa kwa kupimwa, kuna njia ya moto. Katika duka la kwanza kijana muuzaji alitukatia vipande vya shubiri moja moja vya nyuzi tatu, akasema, "Chukua tu, bibi, hakuna neno." Tulikuwa tumefikia kwa jamaa zetu, Shela ya Malindi, si ile yetu ya Lamu. Jioni tukakaa uani na bakuli la maji, koleo ya jikoni na kiberiti, tukiwa tumewaondoa watoto.

Kipande cha kwanza kilishika moto mara moja, kikatoa moshi mweusi, kikajikunja na kudondosha tone linalowaka ndani ya maji. Kilichobaki kwenye koleo kilikuwa shanga nyeusi ngumu ambayo haikuvunjika hata kwa kucha. Hiyo ni akriliki. Cha pili kiliwaka polepole, kikaendelea kuwaka hata nilipokiondoa kwenye kiberiti, kikanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake yalikuwa laini ya kijivu. Pamba. Cha tatu kilisinyaa, kikanuka nywele zilizoungua, na nilipokitoa motoni kikazimika chenyewe. Majivu yake yalisagika baina ya vidole. Khaleti akanusa tena kwa karibu. "Hii ndiyo sufu yenyewe," akasema. Ndiyo ilikuwa sufu, na ndiyo ile ambayo dukani alikuwa ameikataa kwa kuiona haing'ai.

Uzi uliochanganywa hutoa dalili mchanganyiko, harufu ya nywele pamoja na shanga ngumu, kwa mfano. Na jaribio hili lifanywe na mtu mzima, juu ya maji, nje ya nyumba. Tone la akriliki likidondokea ngozi linashika na kuunguza.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ninalolisisitiza kwa kila mtu anayefuma: vishikio vya sufuria visifumwe kwa akriliki. Naviona vikiuzwa, vizuri, vya rangi rangi, na moyo unanishtuka. Chungu cha pilau kikitoka jikoni kinaweza kuuyeyusha uzi huo mkononi mwa mtu. Kwa kazi hiyo ni pamba, iliyofumwa nene mara mbili.

Dhana: kondoo ni kondoo, wote wana sufu

Hapana. Kondoo tunaowaona pwani na kaskazini mwa nchi, wale wa Kisomali wenye kichwa cheusi, na hata wale wekundu wa Wamaasai, wana nywele fupi kama za mbuzi. Hawakatwi sufu kwa sababu hawana. Kondoo wa sufu nchini kwetu, kama Merino na Corriedale, wanafugwa nyanda za juu penye baridi. Nanyuki kuna kikundi cha akina mama kinachosokota sufu kwa mkono na kuifuma tangu mwaka 1977.

Dhana: Mpeketoni inalima pamba, kwa hiyo uzi wa pamba ungekuwa rahisi kwetu

Abiria mmoja aliyekaa mbele yetu, mkulima wa upande wa Hongwe, alituuliza swali hili kwa uchungu, na nilielewa uchungu wake. Pamba inatoka shambani kwake, na mjukuu wa khaleti atavikwa uzi wa pamba uliovuka bahari. Lakini baina ya tumba la pamba na donge la uzi kuna safari ndefu. Kwanza mbegu zitolewe, na mbegu ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa pamba inayouzwa na mkulima. Kisha nyuzi zichanwe zilale upande mmoja, zivutwe, zisokotwe, nyuzi mbili au zaidi zisokotwe pamoja kinyume cha msokoto wa kwanza ili uzi usijikunje, ndipo utiwe rangi. Mashine za kusokota ziko mbali na Lamu, na viwanda vingi vinavyosokota pamba hutengeneza uzi mwembamba wa vitambaa. Uzi wa kufumia kwa mkono ni bidhaa nyingine. Kwa hiyo ukaribu wa shamba hauteremshi bei ya donge hata kidogo.

Na uzi wa pamba wenyewe hauko wa aina moja. Ule unaong'aa kama hariri, tunaoupenda kwa vitambaa vya kroshia, umepitishwa katika magadi makali ya kiwandani huku umevutwa. Mwingereza John Mercer aligundua nusu ya kazi hiyo mwaka 1844. Kuuvuta uzi ili ung'ae kulikuja baadaye, karibu na 1890. Uzi huo ni imara zaidi na unashika rangi vizuri, ila haufyonzi kwa ulaini ule wa pamba isiyong'aa. Kwa kitambaa cha meza, ung'ae. Kwa ngozi ya mtoto mchanga, mimi nachagua usiong'aa.

Dhana: kilo moja ni kilo moja

Hii ndiyo dhana iliyonigharimu zaidi maishani, na ndiyo iliyotuchukua kutoka Witu hadi karibu na Minjila kuielezana.

Kufuma hakuli kilo. Kunakula mita. Blanketi la mtoto la sentimita 75 kwa 90, kwa uzi wa unene wa kati, linataka kama mita 900. Swali la dukani ni: hizo mita 900 ziko katika madonge mangapi? Jibu linategemea uzi ni wa nini. Akriliki ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo wa akriliki ina gramu 1.17 hivi, sufu 1.3, pamba 1.5. Maana yake, ukichukua nyuzi tatu zenye unene sawasawa, ile ya pamba itakuwa fupi kuliko zote kwa uzito uleule.

Tulilithibitisha dukani. Donge la akriliki la gramu 100 lilikuwa limeandikwa mita 290. Donge la pamba la gramu 50, unene uleule kwa jicho, mita 105. Khaleti alitoa kalamu akapiga hesabu nyuma ya kile kikaratasi chake. Kwa akriliki, mita 900 ni madonge manne, na litabaki jingi. Kwa pamba, 900 kugawa kwa 105 ni nane na nusu na ushei, kwa hiyo madonge tisa. Akriliki ingetumika gramu 310, pamba gramu 430. Blanketi lilelile, tofauti ya gramu 120, na mtu aliyenunua kwa kilo bila kujua hili ama amebaki na uzi wa bure au, vibaya zaidi, ameishiwa kabla ya pindo la mwisho.

Uzito huo wa pamba haukomi dukani. Nguo ya pamba iliyofumwa kubwa huvutika chini kwa uzito wake, hasa ikiwa mbichi. Ndiyo sababu shali refu la pamba hukua likianikwa kwenye kamba. Lilaze kwenye mkeka.

Pamoja na kilo huja lile la namba ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, watu wanaposema "ya mbili", "ya tatu", "ya nne", wakidhani namba kubwa ni uzi mnene. Namba hiyo inahesabu nyuzi, haipimi unene. Nyuzi nne nyembamba zikisokotwa pamoja zinaweza kuwa nyembamba kuliko uzi mmoja mnene. Zungusha uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, uhesabu ni mizunguko mingapi imeingia katika sentimita mbili na nusu. Nyuzi mbili zenye hesabu moja zina unene mmoja, lebo iseme itakavyo.

Dhana: sindano namba nane ni sindano namba nane

Namba nane ya Kiingereza ya zamani, ambayo ndiyo waliyofundishwa mama zetu, ni milimita 4. Namba nane ya Marekani ni milimita 5. Tena zinakwenda kinyume: kwa Waingereza namba ikikua sindano inapungua, kwa Wamarekani namba ikikua sindano inanenepa. Siku hizi zote mbili ziko madukani, na maelezo ya kufuma tunayoyapata kwenye simu mengi ni ya Kimarekani.

Milimita moja inaonekana si kitu. Chukua vitanzi 110. Ukifuma kwa sindano ya milimita 4 na ukapata vitanzi 22 katika sentimita 10, upana wako ni sentimita 50. Ukishika ya milimita 5 ukapata vitanzi 18, ni sentimita 61. Hilo ndilo sweta la mjukuu likimfaa babu yake. Sahau namba, uliza milimita. Sindano ikiwa haina maandishi, kuna vipimo vya plastiki vyenye matundu, tulinunua kimoja.

Dhana: rangi hii hata mwakani nitaipata

Nilimfumia mama shali la zambarau miaka kadhaa iliyopita. Niliishiwa uzi ukiwa umebaki ukingo wa mwisho, nikaagiza donge moja zaidi kwa mtu anayekwenda Malindi. Alileta namba ileile ya rangi. Chini ya taa ya chumbani zilifanana kabisa. Asubuhi mama alipolivaa barazani, jua likalipiga, mstari ukaonekana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakusema kitu. Alilivaa vivyo hivyo, akilikunja ule ukingo ndani, na mimi kila nikiuona mkunjo ule nilijua sababu yake.

Kwenye lebo kuna namba mbili. Moja ni ya rangi. Nyingine ni ya loti, yaani pipa lile lililotiwa rangi siku ile. Rangi moja, mapipa mawili, hazilingani kikamilifu hata kiwandani kukiwa na mizani bora. Nunua yote kwa siku moja, loti moja, na ongeza donge moja. Na toka nalo nje ya duka, ulitazame kwenye mwanga wa jua, kwa maana taa za dukani zinaweza kuzifananisha rangi mbili ambazo mchana hazifanani. Ukilazimika kutumia loti mbili, usiziunganishe kwa mstari: fuma safu mbili za hii, safu mbili za ile, kwa sehemu kubwa ya kazi, na jicho litashindwa kuona zinapobadilishana.

Jumamosi khaleti alichagua buluu. Muuzaji alikuwa na madonge sita ya loti moja na matatu ya nyingine, na kwa hesabu yetu sweta lilitaka manane. Tulimwomba atazame ghalani. Alipanda ngazi, akapekua, akarudi na manne ya loti ile ya kwanza, na jasho usoni. Nilimshukuru kama aliyenitendea wema mkubwa, kwa sababu kwangu ulikuwa mkubwa.

Dhana: loweka kwenye chumvi, haitachuja

Kila nyumba pwani inalijua hili. Kanga mpya, ndoo, kiganja cha chumvi. Na kwa nyuzi tunafanya hivyo hivyo.

Chumvi ina kazi kweli, lakini ni wakati wa kutia rangi. Inaisukuma rangi itoke majini iingie kwenye pamba. Uzi ukishatoka kiwandani, chumvi ya ndooni haiwezi kuifunga rangi ambayo haikushika tangu mwanzo. Siki nayo inasaidia rangi za sufu, hariri na nailoni zinapopikwa. Kwa pamba haina faida. Rangi inayochuja ni ile iliyozidi, na dawa yake ni kuifua itoke: maji mengi, sabuni kidogo, peke yake, mara nyingi, mpaka maji yawe meupe.

Kabla ya kuchanganya buluu na nyeupe kwenye kazi moja, lowesha shubiri moja ya uzi wa buluu, ibane ndani ya kitambaa cheupe, kalia kwa dakika kumi. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Nasema hivi nikijua ni watu wangapi wamefuma blanketi la mistari kwa miezi miwili likaharibika siku ya kufuliwa mara ya kwanza.

Dhana: sufu haifai pwani, na maji ya moto ndiyo yanayoirudisha

Sehemu ya kwanza ina nusu ya ukweli. Sufu inaweza kubeba maji kama thuluthi ya uzito wake kabla hujaihisi mbichi, na ndiyo maana mtu akiwa kwenye mashua usiku wakati wa kusi, sweta la sufu lililopigwa na manyunyu bado linampa joto. Mabaharia wamelijua hilo kwa karne nyingi. Kwa mtoto mchanga wa Amu, joto la kaskazi likija, mimi siichagui sufu hata kama ni nyembamba. Pamba, basi.

Kuhusu kurudi: unywele wa sufu una magamba madogo, yameelekea upande mmoja kama ya samaki. Maji na joto huyafungua, na kusuguliwa huyafanya yakamatane. Yakishakamatana hayaachiani, sweta limekuwa dogo na nene kama zulia, na hakuna wa kulirejesha. Kosa kubwa ni kusugua pamoja na kubadilisha joto ghafla. Fua kwa maji ya uvuguvugu, bonyeza tu, suuza kwa maji ya joto lilelile, lilaze kivulini. Ipo sufu ya mashine, ambayo magamba yake yamepunguzwa kwa klorini na kufunikwa na utando mwembamba, nayo hairudi kwa urahisi. Kwa mwanafunzi atakayejifulia mwenyewe bwenini, ni hiyo ningemtafutia.

Nondo pia ni wa sufu: funza wake ndiye anayekula, si kipepeo. Udi na karafuu vinanukia, havimuui. Fua kwanza, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Dhana: mambo ya kufuma wametuletea wazungu

Kijana wa duka la pili ndiye aliyesema, kwa upole tu, akitufungia mzigo. Ni kweli kwamba somo la kufuma masweta shuleni lilikuja na wamisheni na walimu wa kikoloni. Ufundi wenyewe una historia nyingine. Vipande vya kale zaidi vinavyojulikana vya kufuma kwa sindano vimepatikana Misri, vya baina ya karne ya 11 na ya 14: soksi za pamba, nyeupe na buluu ya nili, baadhi zikiwa na pambo la herufi za Kiarabu. Pamba, katika nchi ya joto, mikononi mwa Waislamu. Ulaya ilijifunza baadaye, na huko vyama vya wafumaji vilikuwa vya wanaume.

Na pwani hii ilikuwa ikifuma nguo wakati huo huo. Kilwa, wachimbaji wa magofu wamekuta vigurudumu vya kusokotea pamba vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilipelekwa hadi Misri. Katika karne ya 16 padre Mreno, Monclaro, alieleza jinsi nguo za hariri za Pate zilivyowapa wenzake faida kubwa walipoziuza miji mingine ya pwani, kwa sababu hazikufumwa kwingine. Pate, mwendo wa mashua kutoka Amu. Nilimwambia yule kijana hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Pate hii hii yetu?" Nikamwambia ndiyo, hii hii.

Dhana: uzi wa sufu ni wa matajiri

Jumamosi jioni, badala ya kurudi kwenye duka la nyuzi, nilimpeleka khaleti kwenye mitumba. Alidhani nimechoka. Lakini sufu safi kabisa niliyowahi kufuma ilitoka kwenye masweta ya mtumba. Pwani hakuna anayeyagombania, kwa hiyo huuzwa kwa bei ya chini, na sweta la mwanamume huwa na gramu 400 hadi 600 za uzi.

Tafuta lebo ndani ya ubavu. Itaandikwa Wool, au Laine, au Wolle, au Lana, na Malindi hata anayeuza anajua kwamba Lana ni sufu, kwa miaka waliyoishi na Waitalia. Kisha geuza sweta ndani nje, utazame mshono wa ubavu. Ukiwa umekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani pande zote, liache: kila safu imekatwa, na ukifumua utapata vipande vifupi visivyo na mwisho. Unachotaka ni ubavu wenye ukingo mzima, vipande viwili vilivyoshonwa pamoja kwa uzi mmoja unaoweza kuukata na kuuvuta. Liache pia lililokwisha kurudi na kuwa kama zulia, halifumuki.

Tulipata moja la kijivu, zito, lebo imeandikwa Lana peke yake. Nyumbani khaleti alikata mshono wa bega kwa wembe, akatafuta mwisho wa uzi shingoni, akavuta. Uzi ukaanza kutoka safu baada ya safu, ukiwa umejikunja kunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Tuliuzungushia mgongo wa kiti, tukaufunga mahali panne, tukauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, tukautundika na chupa ndogo ya maji ikining'inia chini. Asubuhi ya Jumapili ulikuwa umenyooka. Khaleti aliubana shavuni. Ile buluu ya akriliki tuliyoihangaikia dukani akasema atamfumia mtu mwingine. Mjukuu wake atavaa ya kijivu.

Kwenye basi la kurudi alikuwa na madonge tisa ya pamba miguuni na moja la akiba, akaanza vitanzi 22 kwa sindano ya milimita 4, kipande cha kupimia tu. Kufika Witu kilikuwa na urefu wa kutosha. Akakilaza juu ya goti, akaweka tepu, akainama. Sentimita kumi na nusu. Akakitazama, akachomoa sindano, akakifumua chote mpaka mwanzo, akaniambia, "Nipe ile ya tatu na robo tatu."